SIKU MOJA NA NESI WETU

Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi



Tulianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 14, na sanduku la mbao lenye kufuli 3. Leo tupo 31. Habari za hisa, mikopo na faida mtazisikia kwa Mhazini, na ameziandika humu katika kijitabu. Mimi elimu yangu ni darasa la saba, hesabu ndefu namwachia mwenye kalkuleta. (Kicheko)

Kamati ilinipa kichwa cha kuzungumza, "Maendeleo ya Mwanamke". Nimekaa nacho wiki mbili nikaona maneno hayo yamesemwa sana na watu wanaojua kusema kuliko mimi. Nikaomba ruhusa nieleze habari ya siku moja tu, niliyokaa na nesi wa zahanati yetu mwezi wa 8 mwaka 2024, tangu alfajiri mpaka siku ya pili. Nina sababu yangu, na mwishoni nitaomba kitu.

Wanachama mnakumbuka mkutano wetu wa mwezi wa 7 mwaka ule. Badala ya kuzungumza marejesho, tulimsema nesi. Anachelewa kufungua. Siku nyingine hafungui kabisa. Anawarudisha akina mama na watoto wao wa chanjo. Majibu yake mafupi. Jamani tuseme kweli, aliyesema zaidi nilikuwa mimi. Tena wiki moja kabla nilimwambia mbele ya benchi zima la wagonjwa kwamba anakula mshahara wa bure. Binti wa miaka 29, wa kumzaa mimi, akaniangalia tu, akaita mgonjwa anayefuata.

Ndipo Katibu wetu aliposimama akasema, "Mwenyekiti, wewe si mjumbe wa kamati ya zahanati? Nenda ukakae naye siku nzima, utuletee habari." Nikakubali upesi. Nilikuwa nakwenda kumkamata.

Nilipomwomba alinipa sharti. Akasema, "Mama, ukija karibu. Lakini utakayoyasikia kwa mgonjwa yanabaki palepale, na chumbani huingii mpaka mgonjwa mwenyewe aseme ndiyo." Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa ni yale wenyewe waliyoniruhusu. Mengine nimeyaacha, msinifuate nyumbani kuniuliza.

Nililala kwake usiku wa kuamkia siku hiyo. Chumba kimoja cha kupanga pale senta, jirani na makarasha ya kusagia mawe. Wenzangu mnaolala kijijini hamjui. Ile mashine inanguruma usiku kucha, kikombe kinatetemeka juu ya meza. Saa 10 usiku mlevi aligonga mlango akitaka dawa ya kichwa. Nesi akamjibu kwa upole bila kufungua. Mimi ningemmwagia maji.

Saa 11 alfajiri waligonga tena, safari hii mama na baba wamebeba mtoto wa miaka 3, ana degedege. Nesi hakuuliza maneno mengi. Alichukua tochi na ufunguo, tukaenda nao mbio zahanati, mwendo wa kilomita 2, na kijana mmoja wa sungusungu nyuma yetu. Alimlaza mtoto ubavu, akamtoboa kidole kwa kile kipimo cha haraka cha malaria, akampima na sukari. Kipimo kinataka dakika 15 hivi kusomeka. Hakukaa kusubiri tu, alikuwa anampunguza nguo na kupanga vitu vyake. Mistari miwili ilipotokea alimwekea dawa ya artesuneti, ile inayopitishwa njia ya haja kubwa, akaandika karatasi ya rufaa na kuwapakia kwenye pikipiki kwenda kituo cha afya. Baba alitaka kurudi nyumbani. Eti mtoto ametulia, na babu yake anajua dawa ya degedege. Nesi akamwambia, "Baba, hii dawa niliyompa ni ya kumfikisha, siyo ya kumponya. Nendeni sasa hivi." Alisema kwa ukali. Ndiyo ile lugha tuliyokuwa tunailalamikia. Mtoto yule yupo, jana nimemwona akikimbiza mbuzi.

Saa 1 asubuhi ilikuwa haijafika. Hajapiga mswaki.

Kazi ya kwanza ya asubuhi ni friji ya chanjo. Nilidhani friji ni friji. Kumbe ana karatasi mlangoni, kila siku asubuhi na jioni anaandika baridi iliyomo, isishuke chini ya nyuzi 2 wala kupita 8. Ikiganda baadhi ya chanjo zinaharibika, ikipata joto zinaharibika vilevile, na kwa macho hutaona tofauti. Kisha yeye na mhudumu walipiga deki kwa dawa ya klorini, wakachemsha vyombo. Tabibu wetu alikuwa ameitwa kwenye semina. Muuguzi wa pili tuliyeletewa mwaka 2022 alikaa miezi 4, akakosa pa kuishi, akaondoka. Kwa hiyo siku hiyo walikuwa wawili tu, nesi na mhudumu.

Saa 2 benchi lilikuwa limejaa. Alianza na somo. Siku hiyo alisema juu ya macho mekundu. Hapo naomba nisimame kidogo, maana ni jambo letu wenyewe. Sisi tuliozaliwa Shinyanga tunajua vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, wakiitwa wachawi. Mimi nilizaliwa Wilaya ya Kahama, baadaye tukawa Bukombe, na mwaka 2012 tukawekwa Mkoa wa Geita, na kijiji sijahama hata hatua moja; kokote tulikohesabiwa habari hizo zilitufuata. Nesi alimsimamisha mhudumu wake, ambaye naye ana macho mekundu, akasema, "Huyu anapikia mavi ya ng'ombe tangu utoto, kwa sababu kuni zimekwisha. Moshi. Akija bibi yenu mwenye macho kama haya, mleteni hapa nimsafishe na nimpe dawa." Akina baba wawili waliinamisha vichwa.

Halafu kliniki ya watoto. Hapa ndipo nilipoona aibu ya kwanza. Walikuja akina mama watatu wenye watoto wa kuchoma chanjo ya surua na rubela, akawaambia warudi Alhamisi. Nikasema moyoni, haya, nimekukamata. Nikamwuliza. Akanionyesha kichupa. Kichupa kimoja ni cha watoto 10. Ukishakichanganya na maji yake, baada ya saa 6 unakimwaga, hata kama umechoma mtoto mmoja. Akifungua kila siku kwa watoto watatu, chanjo itakwisha kabla ya mwezi, na wa kwenye machimbo wanaokuja mara moja watakosa. Ndiyo maana amepanga siku. Kosa lake ni moja, nami nilimwambia: hajawahi kuwaeleza. Akasema, "Kweli mama, nikiwa peke yangu nakosa pumzi ya kueleza." Tangu siku ile tumeweka tangazo mlangoni, na sisi akina mama wa kikundi tunalitangaza kwenye mkutano. Watatu wale aliwaandika majina, na yule aliyetoka mbali sana alifunguliwa kichupa siku ileile.

Wajawazito walikuwa 11. Kila mmoja presha, uzito, damu, kipimo cha Ukimwi na kaswende, dawa ya kukinga malaria, vidonge vya kuongeza damu, chandarua kwa aliye mgeni. Anaweka kile kibomba tumboni, anainama na sikio lake, anafumba macho. Wakati huo hutakiwi hata kukohoa. Mama mmoja aliniruhusu nisikilize. Nimezaa watoto 6 na sijawahi kusikia moyo wa mtoto akiwa bado tumboni. Unakwenda mbio kama saa ya mkononi chini ya mto.

Saa 5 wakaja wa machimboni. Apolo mmoja amepondwa kidole na jiwe duarani, wenzake wamekifunga kwa kitambaa cha shati. Akakisafisha, akashona, akachoma sindano ya pepopunda. Kijana analia, naye anamwuliza habari za Simba na Yanga. Baada yake mama mponda mawe, anakohoa wiki 5. Huyo alipewa kopo la makohozi, na nesi akamweleza kwamba kama ni kifua kikuu dawa ni bure na zinanywewa miezi 6 bila kuruka. Akamwambia na vumbi la mawe peke yake linaharibu mapafu, ajifunge kitambaa chenye majimaji na kumwagia mawe maji kabla ya kuponda. Mama akauliza, "Maji ndoo moja shilingi ngapi pale mwaloni, sista?" Nesi hakuwa na jibu, wala mimi.

Na huyu wa mwisho nimwelezee vizuri, maana tupo akina mama hapa tunaofanya kazi hiyohiyo. Alileta mtoto wa kunyonya anayetapika. Katika kuongea ikajulikana kwamba mume wake huchomea dhahabu jikoni, kwenye kikaango, ndani ya nyumba wanayolala. Nesi aliacha kalamu. Alisema ule moshi wa zebaki hauonekani na hauna harufu, unaingia kwenye mapafu na kwenda mpaka kwenye ubongo. Mikono hutetemeka, mtu husahau, na mtoto mchanga au wa tumboni ndiye huumia zaidi. Nchi yetu iliridhia mkataba wa dunia wa zebaki, ule unaoitwa wa Minamata, mwaka 2020. Minamata ni mji wa Wajapani ambako samaki walipata zebaki ya kiwandani, watu wakala samaki, wakazaa watoto vilema. Habari hiyo alimweleza mama yule kwa Kisukuma! Nesi wetu ni mtoto wa Mbeya. Amejifunza lugha yetu kwa miaka 5, na sisi hatukuwahi hata kumpongeza. (Makofi) Kuhusu mtoto, alimpima malaria, hana. Akampa maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki kwa sababu alikuwa anaharisha vilevile. Kama kuna zebaki mwilini mwake, pale zahanati hakuna kipimo cha kuijua. Alimwambia hivyo waziwazi, akampa rufaa, na akamwomba mume aje.

Saa 9 alasiri ndipo alipokula. Michembe na chai baridi, amesimama.

Wakati anakula nilimwuliza kama hayo yote, kupima na kuandika dawa, ndiyo aliyosomea. Alicheka. Akasema alisomea uuguzi na ukunga, na kuandika dawa ni kazi ya tabibu, lakini tabibu asipokuwepo mgonjwa haambiwi arudi na malaria yake. Akaniambia huko Marekani, mwaka 1965, nesi mmoja, Loretta Ford, pamoja na daktari wa watoto, Henry Silver, walianza katika Chuo Kikuu cha Colorado kuwafundisha manesi kupima wagonjwa na kutibu wenyewe, kwa sababu vijijini madaktari hawakutosha. Leo huko wana cheo chao na leseni yao. "Sisi," akasema, "kazi tunayo, cheo bado."

Jioni ni vitabu. Nilifikiri nesi akishafunga dirisha la dawa kazi imekwisha. Kuna vitabu vya MTUHA, kila huduma na kitabu chake. Mama mmoja mjamzito aliyepimwa na kupewa chandarua na kukutwa na malaria anaandikwa mahali zaidi ya pamoja. Asipoandika, dawa zake hazionekani zimetumika, na maombi yajayo ya Bohari ya Dawa yanakuwa pungufu. Aliandika mpaka saa 12 na nusu. Nilimsaidia kupiga mistari kwa rula, ndiyo elimu yangu ilipofikia.

Tulikuwa tunafunga mlango pikipiki ikafika. Mama kutoka machimboni, mimba ya nne, uchungu tangu asubuhi. Alikuwa amekunywa dawa ya kienyeji ya kuharakisha. Nesi akamwuliza mara tatu ameinywa saa ngapi na kiasi gani, na mama mkwe anakataa hakunywa. Wazee wangu, sisemi mitishamba yote ni mibaya. Lakini nesi alinieleza kwamba nyingine inasukuma tumbo kwa nguvu kupita kiasi mpaka kizazi kinaweza kupasuka, na yeye hawezi kujua ndani ya ule mzizi mna nguvu ngapi. Kumficha ndiko kunakoua.

Mama alikubali niingie nimshike mkono. Mtoto wa kike alizaliwa saa 3 usiku, akalia vizuri. Tukapiga kigelegele. Nesi akachoma ile sindano ya kukaza kizazi, kondo likatoka. Kisha nikaona uso wake umebadilika. Damu haikukatika. Alisugua tumbo, akaweka dripu, akaniambia nibonyeze hapa na nisiache, huku yeye anapiga simu 115, ile isiyolipiwa ya m-mama. Mpango huo wa usafiri ulizinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Huku Kanda ya Ziwa tulianza kuusikia kabla. Unapiga, wanakutafutia gari, la wagonjwa au hata la dereva wa karibu aliyeandikishwa, na dereva analipwa na mpango.

Gari lilichukua zaidi ya saa moja. Mimi nimebonyeza tumbo la yule mama saa nzima, jasho linanidondoka. Nilikuwa namkumbuka dada yangu, aliyefariki mwaka 1994 kwenye baiskeli, njiani, damu hiihii. Wakati ule hatukuwa na zahanati. Iliyopo tuliichangia tofali baada ya mwaka 2007, Serikali ilipotangaza mpango wa MMAM wa kila kijiji kuwa na zahanati. Dada yangu hakukosa mganga mkubwa. Alikosa mtu kama yule binti na ile sindano moja.

Nesi alipanda gari pamoja na mgonjwa, maana hakuna mwingine wa kushika dripu. Mimi nikabaki na mtoto wake mkubwa na kanga za damu. Nikafua.

Sasa sikilizeni. Asubuhi saa 2 nilikuwa kwenye ngazi ya zahanati. Benchi limejaa, mlango umefungwa, mhudumu ametumwa kufuata dawa. Akina mama wakaanza, "Leo tena hajaja. Amelala. Anakula mshahara wa bure." Maneno yangu, jamani, neno kwa neno! Nikasimama nikawaambia nesi yuko wapi. Alirudi saa 5 kwa bodaboda, nguo zilezile, akanawa, akafungua dirisha. Mama yule alipona, na mtoto wake ana mwaka mmoja na zaidi. Wote wawili wapo hapa leo, ila sitawaonyesha kwa kidole.

Nimemwomba nesi msamaha, peke yetu na mbele ya benchi.

Ndugu Mgeni Rasmi, mwaka huu nesi wetu aliandika barua ya kuomba uhamisho. Hakutuficha. Hakuandika kwa sababu ya mshahara wala kazi. Aliandika kwa sababu ya chumba kile cha senta, makarasha, walevi, na zile kilomita 2 za usiku. Msingi wa nyumba ya mtumishi upo pale nyuma ya zahanati tangu mwaka 2019, majani yameota ndani, mbuzi wanalala. Nilimwomba asubiri mpaka sherehe hii. Amekubali kusubiri mpaka Desemba.

Kamati ya kikundi imekaa mara mbili. Tunapendekeza kwamba kabla ya kuvunja sanduku mwaka huu, kila mwanachama aache hisa 2, na mfuko wa jamii utoe nusu ya kilichomo, tununue mabati na saruji. Tofali na mchanga tumeahidiwa na kijiji, Mwenyekiti wa Kijiji yupo hapa, amesikia. (Makofi) Fundi ni mume wa mwanachama wetu, atatupunguzia, naye anajua asipotupunguzia atalala wapi. (Kicheko)

Ninajua si wote mmekubali. Wapo wanaosema nyumba ya mtumishi ni kazi ya Serikali. Ni kweli, na barua tumeandika, nakala anayo Katibu. Wapo wanaosema tutamjengea halafu atahamishwa kesho yake. Inawezekana. Nyumba itabaki, na atakayekuja ataikuta, hatakaa miezi 4 na kuondoka kama yule wa 2022. Mwenzetu mmoja ameniambia kwamba hisa 2 ndizo ada ya mtoto wake. Huyo asilazimishwe. Tumeongea naye, ataleta nguvu zake siku za kuchota maji.

Karatasi ipo kwa Mhazini. Asiyejua kusaini ataweka dole gumba. Tupige kura sasa kabla ya chakula, maana tukishashiba hatutasikilizana.

Nesi tulimwalika. Kiti chake ni kile kitupu, cha pili kutoka kwa Mgeni Rasmi. Ametuma ujumbe kwamba kuna mama ameingia wodini saa 4, atakuja akimaliza. Sahani yake ifunikwe.